Upande wa Pili wa Jiwe

Haya yalimpata rafiki yangu Bradha Gathua, mtawa wa monasteri moja huko milimani Nunguni, na hata leo hataki kuyarudia.

Kwa miaka mingi amekuwa akisoma maandishi ya kale yaliyochongwa ndani ya pango lililo chini ya monasteri yao. Kila mstari unafuatwa na nafasi tupu. Mchana mmoja aliingia na mwenzake Ngure kupiga picha tu, tochi ikazimika.

"Turudi, Bradha," Ngure akasema.

"Ngoja kidogo. Mstari wa kwanza sasa naujua kwa moyo."

Akaukariri kwa sauti gizani, kisha akanyamaza vile watawa wamezoea: upande mmoja wa kanisa ukimaliza aya ya zaburi, hungoja upande wa pili uitikie.

Akajibiwa na mkwaruzo, polepole, kama ukucha kwenye jiwe, karibu kabisa na uso wake.

"Ni wewe, Ngure?"

"Mimi niko huku mlangoni!"

Gathua akawasha simu. Ile nafasi tupu ilikuwa na mstari mpya, na vumbi lilikuwa bado linaanguka. Akaugusa. Maandishi mengine yote yamezama ndani ya jiwe. Haya yalikuwa yamevimba kuja nje, kama yamesukumwa na kidole cha mtu aliye upande ule mwingine.