Utepe wa Kidevu

Ta! Taya la Chadia lililia akitafuna bukari, ugali laini wa kumezwa hata na kibogoyo. Mama yake, Salama, akacheka. "We mwari, unatafuna mawe?"

Chadia hakucheka. Tangu Abedi, mchuuzi wa samaki wa mikeke aliyefiwa na mkewe Sabrina, alipoleta posa, msichana alisaga meno kila alipolala.

Salama akampeleka kwa Elodie, muuguzi. "Mama, maungio ya taya yamechoka," Elodie akanong'ona. "Anasaga meno sababu ya mawazo. Umuulize nini iko inamusumbua. Na umukande na kitambaa ya moto."

Salama akamkanda, lakini hakuuliza. Ndoa ilikuwa kesho, na mzazi anayeogopa jibu huogopa swali kwanza. Salama ndiye aliyeosha maiti za wanawake mtaani. Alichomoa utepe mweupe katika mfuko wake wa kazi bila kuutazama, akauchovya maji moto, akamfunga bintiye kuanzia kidevuni hadi utosini, kwa fundo ambalo mikono yake ililijua kuliko yeye.

Ndipo harufu ya kafuri ikapanda. Akautambua: ni utepe aliomfungia Sabrina kinywa siku ya kumwosha, ambao ulipaswa kuzikwa naye, akausahau mfukoni. Akaung'oa, lakini taya lilikuwa limekaza. Akamwita Shehe Mahmoudi, naye akasoma dua, akafukiza ubani, na kadiri alivyosoma ndivyo meno yalivyosagika ndani ya kinywa kilichokaza, kwa mlio wa mtu anayetafuna mchanga wa kaburi, na kafuri ikaushinda ubani.

"Tuahirishe," Salama akamnong'oneza kaka yake, Aboubacar.

"Wageni wameisha kufika. Mwari akinyamaza, amekubali."

Kesho yake Shehe akasimama mlangoni pa chumba, akauliza kama Chadia anamridhia Abedi. Chadia alitikisa kichwa, hapana, hapana, machozi yakimtiririka. Salama aliona. Aliona, na aibu ya wageni ikamfumba na yeye mdomo.

Ta!

Taya likafunguka. "Nimekubali," sauti nzito ya mwanamke mzima ikasema. Salama aliijua. Alikuwa ameifunga kwa mikono yake.

"Asante Mama Salama, umenifungua," ikaongeza polepole. "Sasa mwite mume yangu, tuende nyumbani."

Nje vigelegele vikapigwa. Chadia bado alikuwa akitikisa kichwa.