Mate Kwenye Mipira

Mpira wa kupitishia gesi ulikuwa na joto, ilhali asubuhi hiyo ya Julai 1971 baridi ya Kibugu iliuma vidole. Njue, fundi wa maabara ya shule, aliushika tena. Jana alikuwa ametemea mate ncha yake ili uteleze, akausokota hadi ukakaza kwenye kiungo cha kioo. Mipira yote kumi na miwili aliifunga hivyo. Sasa yote ilikuwa imechomoka.

“Baba Mutugi, umezeeka,” mkewe Kathambi, aliyekuwa mwosha vyombo humo, alimtania. “Hata mipira inakukimbia.”

Njue akatema mate, akaifunga upya. Kathambi akapuliza mmoja kuona kama unavuja.

Kitu kikapuliza kutoka upande wa pili.

Harufu ya udongo mbichi ikatanda, na mipira ikaanza kujaa na kusinyaa, kujaa na kusinyaa, sawasawa na kifua cha Kathambi, kisha kwa kasi zaidi kuliko kifua chake, huku vioo vikigongana mezani na yeye akishika koo, akitafuta hewa ambayo kila alipoivuta ilipita kwenye mipira kabla ya kumfikia.

Njue alikimbia hadi ng’ambo ya ua kumwita Mzee Rwamba, aliyekuwa mlinzi wa kichaka cha matambiko kabla hakijakatwa ili maabara ijengwe.

“Ulitema mate hapa?” Rwamba alinong’ona mlangoni.

“Ili mpira uteleze tu, Mzee.”

“Tunambariki mtu kwa kitu gani, Njue?”

Njue alikumbuka mate ambayo baba yake alimtemea kifuani kumbariki siku ya harusi.

“Jini la kichaka lilikaa chini ya sakafu hii bila makao. Umelibariki, umelipa nyumba. Baraka huondolewa na aliyeitoa. Yafyonze mate yako.”

“Na jini likija pamoja na mate?”

Rwamba alimnyooshea Kathambi kidole. Midomo ya Kathambi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Njue akatia mpira mdomoni, akafyonza. Mmoja. Wa pili. Alipofika wa kumi na mbili, Kathambi alivuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti.

“Asante, Baba Mutugi,” alisema, akimwegemea, sikio kifuani pake. Kisha akajitoa polepole.

Njue alikuwa amebana pumzi. Ndani ya kifua chake, kitu kiliendelea kuvuta hewa.