Alfa Isiyotobolewa Pua

Kizuizi cha askari kiliwekwa mlangoni kabisa mwa soko la Likasi, saa ambayo watu walikuwa wamefurika. Hortense alikuwa kwenye usukani wa Alfa nyekundu ya milango miwili aliyoachiwa na marehemu baba yake, kikwembe chake, kitenge cha manjano, kikiwa bado kinanukia upya. Askari alizunguka gari, akainama mbele, hakuona kibao cha namba.

"Plaque ya mbele iko wapi, mademoiselle?"

"Iko ku nyumba. Papa hakupendaka batoboe gari yake."

"Basi gari italala apa."

Mwanamume mmoja akacheka pembeni. Alikuwa mrefu, ovaroli ya bluu, mikono myeusi kwa grisi, lakini kola imepigwa pasi vizuri.

"Chef, unanijua, miye Kalombo wa garage ya ku Shituru. Achia iyi gari. Kesho plaque itakuwa ku pua, na hautaona tundu."

Hortense alimpima kuanzia viatu mpaka nywele. "Nani alikuita?"

"Pua ya gari njo iliniita. Weye haujaniita bado."

Kesho yake alifika kweli. Alilala chini ya ile pua, akakunja ubapa wa chuma, akaupitisha nyuma ya bampa na kuukaza kwa bolti zilezile za kiwandani, kisha akafunga kibao cha namba juu yake. Kila mahali chuma kilipogusa rangi alitandika kipande cha mpira wa ndani ya gurudumu.

"Siku ukiitosha, ukiitoa kabisa, hautaona hata alama," alisema.

"Bei gani?"

"Apana bei."

Mama Anne, mama yake Hortense, alikuwa ameketi barazani na miguu yake iliyokwisha kupooza. Alicheka mpaka akakohoa. "Mutoto, bwana akileta kintu bila bei, iyo ni mali ya ndoa. Chuma njo ya kwanza. Lete na ya pili."

Ulikuwa utani, lakini Kalombo aliuchukua kwa uzito. Alileta vikwembe, akaleta chumvi, akaleta wajomba zake. Uani pale hakuna aliyekiita tena chuma, kiliitwa mali.

Mwaka haujaisha, mji ukageuka. Kalombo alizaliwa Likasi, na baba yake vilevile, ila babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na katika mwaka huo wa tisini na mbili hilo lilitosha. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza Wakasai, na aliyemficha mmoja alichomewa nyumba. Garaji ikaporwa. Kalombo na mama yake wakahamia stesheni pamoja na maelfu wengine, kungojea treni.

"Kuya ufichame kwetu," Hortense alimsihi.

"Kesho asubui nitapita, chérie."

Asubuhi Hortense alipotoka uani, Kalombo alikuwa amekwisha kupita. Pua ya Alfa ilikuwa tupu. Kibao cha namba kiliegemezwa ndani, nyuma ya kioo, kimefutwa vumbi. Chuma hakikuwepo.

Kwa watu wa ukoo wao, mchumba akichukua kwa mkono wake kitu alichokileta, uchumba umekwisha, wala haihitaji maneno. Na tazama alivyogawa: cha mwanamke amekiacha, chake amekibeba.

"Alichukua tena mali yake, mutoto wangu," Mama Anne alisema polepole.

"Basi aende."

Hortense alilia kwa hasira. Stesheni hakukanyaga, na kila filimbi ya treni ilipolia aliziba masikio.

Kisha wale vijana wakafika na dumu la petroli. Kiongozi wao alichuchumaa mbele ya gari.

"Banasema iyi gari inavaaka chuma ya ule Mukasai wa garage. Kama iko, nyumba inaungua."

Alipapasa bampa. Akapapasa chini yake, akalamba kidole, akasugua rangi. Hakuona tundu wala mkwaruzo.

"Haina kintu. Twende."

Hortense aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Sasa alielewa. Aliwasha gari.

Stesheni watu walikuwa wamelala chini ya maturubai, kati ya masufuria na magodoro, na watoto wanaharisha. Kalombo alikuwa juu ya behewa la mizigo, kola imelegea, mama yake ameegemea bega lake.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekataa. Kichwa yako iko nguvu kuliko Alfa."

"Miye nilisema umeniacha."

"Nilitosha chuma. Weye sikukutosha." Akakitoa katika mfuko, akainama kumpa. "Shika, mupenzi. Ukubali tena, apa apa."

Alikipokea kwa mikono miwili. "Nimekubali. Shuka sasa."

"Mama hawezi kwenda peke yake. Panda weye."

"Na wangu hatembei."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Behewa likashtuka. "Nitarudi kuifunga," Kalombo alisema. "Usiache muntu atoboe." Hortense alikimbia pembeni mpaka jukwaa likaisha.

Habari zilizorudi zilikuwa za watu walioshushwa wamekunjwa katika vikwembe, wakazikwa kando ya reli. Ya Kalombo haikuja.

Vijana walipotulia, Hortense alipeleka chuma kwa fundi mwingine. Fundi alikigeuza na kukigeuza, asijue upande wa juu ni upi. Alitafuta kwenye pua mahali kilipokaa, hakupaona.

"Alama haiko, mama. Tutoboe matundu mbili tu."

"Apana."

Kwenye kizuizi cha sokoni alikuwapo askari yuleyule.

"Juu ya nini plaque haijafungwa?"

"Nangojea bwana yangu akuye kuifunga."

"Alienda wapi?"

"Alipanda train."

Askari alikitazama kikwembe chake cha manjano kilichopauka, akainua kizuizi. Tangu siku hiyo hakumwuliza tena.