Plasta Isiyo na Mshono

Hadithi hii siipendi, na kila nikiisimulia goti linaniuma siku mbili. Lakini nyie mkimng'ang'ania mtu ni kama kupe. Basi kaeni, na atakayeniuliza maswali katikati ataimalizia mwenyewe.

Palikuwa na fundi plasta hospitalini, watu wakimwita Chokaa, maana tangu nyusi mpaka viatu alikuwa mweupe kama ukuta mpya. Kazi yake kuwafunga waliovunjika na kuwafungua waliounga. Mikono yake ilikuwa mizuri, sitamnyima hilo. Uvivu nao alikuwa nao wa kugawa.

Chumba cha plasta kilikuwa na sheria moja: plasta ikishatolewa mguuni kwa mtu, inapondwa kwa nyundo siku hiyohiyo, isibaki na umbo la mguu. Aliyemfundisha kazi hakumweleza kwa nini. Alisema tu, "Ponda." Chokaa akaona ni kujitafutia jasho. Akawa anazirundika juu ya kabati, miguu mitupu na mikono mitupu, mpaka ukifungua mlango unadhani kuna watu wamelala huko juu.

Mchana mmoja, foleni imekwisha, akainua macho akaona plasta asiyoikumbuka. Ya mguu wa kulia, kutoka chini ya goti mpaka kwenye vidole. Akaishusha. Ilikuwa laini na ya baridi. Akaizungusha mara mbili. Haikukatwa popote. Sasa kifundo ni chembamba na kisigino ni kipana. Mguu hutokaje kwenye plasta isiyokatwa? Chokaa alijua kuliko mimi na nyie kwamba hautoki. Akakuna kichwa, akairudisha juu, akaenda kula.

Siku ya tatu akaletwa mkewe. Huyu alikuwa fundi cherehani, cherehani ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia ulikuwa umelisha nyumba ile zaidi ya mikono yote ya Chokaa. Alipanda kiti kutundika pazia la mteja, kiti kikamgeuka. Picha ikaonyesha ufa mmoja juu ya kifundo. Daktari akaandika: plasta ya nusu, upande wa nyuma tu, mpaka uvimbe upungue.

Plasta ya nusu si kazi kubwa. Unalowesha, unapanga matabaka, unalaza chini ya mguu, unashika mpaka ikaze, unafunga bandeji. Nusu saa. Ila kulikuwa na mechi redioni, na ilikuwa imeshaanza. Chokaa akatazama juu ya kabati. Akaiteremsha ile isiyo na mshono, akaenda nayo nyuma ya pazia, akaipasua kwa msumeno ubavu huu na ubavu huu. Msumeno ukatoa mlio wa chini, kama mtu anayeumwa jino. Nusu ya mbele akaitupa pipani. Ya nyuma akailaza chini ya mguu wa mkewe.

Ikamkaa kama aliyepimwa.

"Mbona imekauka?" mkewe akauliza.

"Niliilowesha kabla hujaingia."

"Kabla hujajua nimevunjika?"

"Mke wangu, nani fundi hapa?"

Mkewe akauacha mguu ufungwe. Maumivu yalikuwa makali, na mume ni mume.

Kesho yake mchana, Chokaa amerudi nyumbani kula, mkewe akamwita chumbani. "Inachoma," alisema. "Shika."

Chokaa akashika, akaondoa mkono. Ilikuwa na moto kama kikombe cha chai. Plasta hupata moto mara moja tu, pale inapokaza ikiwa mbichi. Hii ilikuwa kavu tangu haijulikani lini. Chumba kizima kilinuka chokaa iliyomwagiwa maji.

"Ni mfupa unaunga," akasema, akarudi kula.

Siku iliyofuata akasikia mkwaruzo. Akadhani mkewe ameingiza mpini wa kichana ndani. "Acha kujikuna, utajitia vidonda."

"Sijikuni," mkewe akasema taratibu, akainua mikono yote miwili, mmoja una mkasi, mwingine uzi.

Mkwaruzo ukaendelea. Ulianzia kisigino, ukapanda polepole, ukafika chini ya goti, ukatulia, kama vile anayekwaruza naye ameacha ili awasikilize.

Siku ya tatu Chokaa akafungua bandeji. Kingo alizozikata kwa msumeno, ambazo zilipaswa kuwa na meno na vumbi, zilikuwa laini, tena zilikuwa zimepanda. Ile iliyolazwa chini ya mguu kama mwana mbelekoni sasa ilikuwa imeukumbatia kutoka pande zote mbili, na mbele, juu ya muundi, ulibaki wazi upana wa vidole vinne. Akakimbia kuleta msumeno, akakata. Alipokata ufa ukafunguka, na nyuma ya msumeno ukafumba, kama uji unavyofumba nyuma ya mwiko.

"Kuna nini?" mkewe akanong'ona.

"Hakuna kitu," akasema, na akaifunga bandeji upesi mkewe asije akaona.

Siku ya nne, jua la alasiri limesimama uani, Chokaa anafua shati lake, akasikia cherehani ikikimbia ndani ya nyumba, nayo haikuwa ikikimbia kwa mwendo wa mkewe, ambaye alizoea kushona kidogo, akapumua, akashona tena, bali kwa mwendo mmoja usiopumua, dug-dug-dug-dug, hata povu likamkaukia mikononi kabla hajapata miguu ya kumpeleka mlangoni. Akaingia. Mkewe alikuwa kitini, mikono ameikumbatia kifuani, machozi yanamtoka bila sauti, na chini mguu uliovunjika ukikanyaga.

"Si mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Uushike. Nakuomba uushike."

Chokaa akaurukia kwa mikono miwili, nao ukampandisha na kumshusha naye amening'inia, mpaka ukaamua wenyewe kuacha. Kilichotoka upande wa pili wa sindano kilikuwa mguu wa suruali, mweusi, umeshonwa vizuri, na chini, pale ambapo goti lingeishia, umezibwa kwa mshono mmoja. Mkewe akaukunja akautia kwenye droo, maana hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuutupa. Vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi.

"Mlete shangazi," akasema.

Shangazi yake alikuwa muunga mifupa wa zamani, wa mabanzi ya mti na vitambaa. Miaka kumi Chokaa alimwita fundi kuni mbele za watu. Leo alimbebea kikapu.

Bibi yule hakuketi. Alivuta pumzi mlangoni, akakunja uso. "Mkwe, plasta hii uliifunga mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi."

Akagonga plasta kwa banzi, mara tatu. Kutoka ndani ikajibiwa, mara nne.

"Nakuuliza mara ya pili," akasema kwa sauti ya chini, "na ya tatu haipo. Ukizidi kuona aibu, mwanangu atapoteza mguu."

Mkewe alikuwa anamtazama. Chokaa akaeleza yote: kabati, msumeno, pipa, mechi.

"Mechi," mkewe akasema. Basi, hilo tu.

Shangazi akainama, akaweka sikio, akakaa hivyo muda mrefu. "Umbo lisilopondwa huingiwa na asiye na mguu. Huyu aliyemo alikuwa amejipatia mguu wake," akasema alipoinuka. "Wewe ukampasulia, nusu ukaitupa takani. Anataka urudi mzima, wenye nyama. Huu aliomo unamtosha."

"Tuiponde," akasema Chokaa.

"Utaponda na mguu uliomo."

"Hakuna mguu mwingine atakaoukubali?"

"Upo. Wa aliyeshika msumeno."

Uwazi juu ya muundi sasa ulikuwa mwembamba kama uzi, na ulikuwa unapungua wakiutazama. Chokaa akaangalia sakafu, akaangalia dirisha, akaangalia kila mahali penye nafasi ya kuangalia.

"Mume wangu," mkewe akasema, bila hasira, kama anayesoma vipimo vya nguo. "Mimi nakula kwa mguu. Wewe unakula kwa mikono."

Chokaa akaleta ndoo. Akajifunga mguu wake wa kulia, na safari hii hakuruka hatua: pamba, bandeji mbichi, tabaka juu ya tabaka, akisawazisha kwa kiganja. Ilipoanza kupata moto, ile ya mkewe ilipasuka yenyewe ubavu huu na ubavu huu, ikaanguka. Shangazi akaiponda mpaka ikawa unga, kisha akamfunga mwanawe mabanzi. Vidole vikarudia rangi yake jioni ileile.

Baada ya miezi miwili mkewe alikuwa akikanyaga cherehani. Chokaa naye alikwenda kazini na plasta yake, na sasa akiponda kila anachokitoa kwa watu, hata kabla mwenye mguu hajavaa kiatu. Yake hakuna msumeno ulioigusa ukafanya kitu. Kila mchana ilikuwa ikikwaruzwa kutoka ndani. Alijifunza kutokujibu.

Kisha mchana mmoja, wagonjwa wakiwa wamejaa benchi, alihisi imelegea, kama kiatu cha mtu mkubwa. Ikateleza. Ikasimama sakafuni peke yake, laini, nzima, haina mshono. Akachungulia ndani, hapakuwa na kitu. Halafu akajitazama chini ya goti, na huko nako hapakuwa na kitu: hakuna damu, hakuna kidonda, ngozi imefumba vizuri kama kiwiko. Yeye hakupiga kelele. Zilipigwa na benchi.

Alipoletwa nyumbani, mkewe alimtazama kutoka kichwani mpaka pale alipokuwa anaishia. Alifungua droo, akatoa ule mguu mweusi wa suruali uliozibwa chini, akapiga magoti, akamvisha.

Ukamkaa kama aliyepimwa.