Mtoto wa Chumbani

Mpokezi wa kliniki alimwambia Fundi kwamba miadi yake imeshafutwa.

"Na nani?"

"Na wewe mwenyewe, dada. Si umepiga leo asubuhi?"

Asubuhi Fundi alikuwa kwenye cherehani, akitia zipu sketi za shule, na simu iko chumbani kwenye chaji. Akadhani wamemchanganya na mtu mwingine.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Akirudi anakaa siku nne, tatu kati ya hizo analala. Miaka tisa ya ndoa, mtoto hakuna. Wateja walishaacha kumuuliza, na huko kuacha kuuliza ndiko kulikomuuma zaidi.

Wifi yake, ambaye ni nesi, ndiye aliyemfundisha kuchagua kliniki. "Usibabaike na vigae vinavyong'aa," alimwambia. "Uliza, wana daktari bingwa wa uzazi, au ni daktari wa kila kitu? Maabara ina mtaalamu wake? Na kaka yangu naye watampima? Wakikuzungusha, nyanyuka uondoke." Fundi aliuliza kote, zikabaki kliniki mbili tu za maana. Ya kwanza ndiyo hiyo ambayo miadi yake ilifutwa. Akajiandikisha ya pili.

Siku mbili baadaye akapiga kuhakikisha.

"Lakini ulisema huna haja tena," mpokezi akajibu. Kisha akapunguza sauti. "Ulisema mtoto unaye. Na mimi nilimsikia, dada. Alikuwa anacheka karibu na simu."

Ilikuwa saa nane mchana, mtaa umejaa kelele za watu, lakini ndani ya nyumba Fundi alisikia harufu ya maziwa yaliyochacha. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi mitatu kitu kilikuwa kikimwita kutoka chumbani, "Mama," kwa sauti nyembamba, na siku ya kwanza, kwa upweke tu, aliitika, "Naam, mwanangu." Tangu hapo aliitika kila siku. Hakumwambia mtu.

Kesho yake alijiandikisha tena, akaacha simu chumbani makusudi, akaketi kwenye cherehani bila kushona, na haukupita muda akasikia sauti yake mwenyewe nyuma ya mlango, na kikohozi chake, na ile "haya basi" yake ya kumalizia maneno, ikimweleza mtu kwamba asisumbuliwe tena, mtoto ameshampata, na alipousukuma mlango hakukuta mtu, ila simu kitandani ikiwa bado ina joto, na kwenye godoro kishimo kidogo, cha makalio ya mtoto, kikijaa polepole kama vile aliyekaa hapo ndiyo kwanza anainuka.

Alikimbilia kwa wifi yake bila viatu.

Wifi alimleta mama mmoja mtu mzima, mtibabu wa mambo hayo. Yule mama alinusa hewa, akauliza swali moja, "Umewahi kumwitikia?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Basi ndiyo maana kakaa. Hataki uzae, mwanangu. Anataka awe yeye peke yake."

Akasoma, akanyunyiza maji kila pembe, akaacha sharti: siku saba asiitikiwe, hata kwa kuguna.

Siku ya saba sauti ililia tangu asubuhi. "Mama, nimekosa nini? Mama, kuna giza huku. Mama, utanisahau?" Fundi alijaza kitambaa mdomoni, akakanyaga cherehani isiyo na uzi, machozi yakidondoka juu ya nguo ya watu. Alasiri sauti ikakatika, na harufu ikaondoka nayo.

Wiki iliyofuata alikwenda kliniki na wifi yake. Daktari bingwa alijibu kila swali, akapanga vipimo vya mke na mume. Mume akaahidi kwa simu kwamba atarudi mapema. Matumaini yalikuwepo, ya kweli.

Jioni akafungua mlango wa nyumba, akasimama kizingitini, akisikiliza. Kimya. Alisimama hapo mpaka miguu ikamuuma, kisha akampigia wifi yake.

"Njoo ulale kwangu leo."

"Amerudi?" wifi akanong'ona.

"Hapana," Fundi akasema. "Nilitaka kumwita."