Wanachokimbia Danio

Jumatatu ile asubuhi Mwalimu Sia aliinuka kwenda kuwapa samaki wake chakula, akawakuta danio wote kumi na wawili wamerundikana kwenye kona moja ya tangi, ile ya upande wa mlango. Walibanana hadi wengine wakawa wamesimama wima, vichwa juu, mapezi yanatetemeka. Kama hujawahi kufuga danio utasema wamelala, shida iko wapi? Nakwambia danio halali mchana. Ni samaki mdogo kama kidole cha mtoto, utulivu hana hata chembe. Kutwa anakimbizana na wenzake, na ukinyoosha mkono kwenye kopo la chakula tu, ameshakufikia juu ya maji. Siku hiyo Sia alinyunyiza unga wa dagaa wa Lamadi, ukaelea, ukalowa, ukazama. Hakutoka hata mmoja.

Wale samaki hawakuwa pambo tu kwake. Sia ni mtu wa Rombo, anafundisha baiolojia sekondari hapo Bariadi, na kabla ya kumpata Yusta alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu daktari akamwambia asishuke kitandani bila sababu. Mumewe, Laurean, afisa mifugo kule Lagangabilili, ambaye hurudi nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumatatu alfajiri, akapanda basi hadi Mwanza, akarudi na tangi la kioo mapajani na samaki kwenye mfuko wa nailoni. Wengine walikuwa na milia ya buluu, wengine madoadoa ya chui, watatu wekundu wa kupauka. Stendi watu walimcheka mpaka basi: samaki gani hao, hata mchuzi hawabadilishi rangi? Yeye akaenda kuliweka tangi mbele ya macho ya mkewe. Miezi mitano Sia alilala ubavu akiwatazama, na Yusta akazaliwa mzima. Sasa mtoto alikuwa na miezi saba, na kama kuna kitu Sia alikuwa tayari kukifia duniani, ni huyo mtoto.

Basi akafanya anachofanya mwalimu wa baiolojia. Akakagua maji, yale aliyoyalaza kwenye ndoo siku mbili ili dawa ya bomba iishe. Safi. Akasikiliza pampu ya hewa, inapumua vizuri. Mwishowe akapunguza maji, akaligeuza tangi zima, ile kona ya mlango ikaenda upande wa dirishani, kilipo kitanda cha Yusta. Samaki wakavuka mbio pamoja, wakaenda kujibana tena upande wa mlango.

Sia akashika kiuno. Kumbe hawakuwa wanaipenda kona. Walikuwa wanakikimbia kitanda cha mtoto.

Siku hiyohiyo Yusta alikataa ziwa. Hakulia, hakuwa na homa. Alikaza midomo na kugeuza uso, ameshiba kama mtu aliyetoka harusini. Sia akainama kumbusu, akasikia kwenye kinywa cha mwanawe harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe iliyoanikwa juani. Akamfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akajiambia ni mate tu.

Wiki mbili zikapita hivyo. Maziwa yalimjaa Sia hadi yakalowesha blauzi mbele ya wanafunzi, na nyumbani mtoto hanyonyi ila mara moja moja, kwa kulazimishwa. Kliniki, nesi alimpima Yusta, akampima tena, akatazama kadi.

"Mama, huyu unamnyonyesha kweli?"

"Ninamnyonyesha, nesi."

"Basi anakula nini kinachomkausha hivi?"

Sia alirudi nyumbani analia barabarani bila kujificha.

Aliyeusema ukweli wa kwanza ni Bibi Ng'washi, mwenye nyumba, mjane aliyekulia Sapiwi kwenye ng'ombe. Mama huyu alikuwa na utani wake kwa lile tangi. "Mwalimu unafuga mboga halafu huipiki," ndiyo ilikuwa salamu yake. Alasiri moja akaingia, akasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akakaa kwenye kigoda, akafungua kinywa atanie kama kawaida, akaona samaki. Utani ukamkauka.

"Wamekaa hivyo tangu lini?"

"Wiki mbili na siku. Kuna siku wanatawanyika kidogo, halafu wanarudi."

Bibi Ng'washi akasogeza kigoda karibu naye na kuishusha sauti. "Ng'ombe wakinusa fisi usiku hujibana hivihivi, wote upande mmoja wa zizi. Baba alikuwa hahangaiki kumtafuta. Anatazama ng'ombe walikojibana, anakwenda upande wa pili na mkuki."

"Bibi, usinitishe. Hapa hakuna fisi."

"Nani kasema fisi?" alinong'ona mama wa watu. "Nyamaza. Tazama."

Wakatazama. Ilikuwa saa tisa, jua kali, mabati juu yanalialia kwa joto, na nje kulikuwa na trekta la pamba limezimika, watu wanabishana. Yusta alikuwa kitandani kwake amelala chali, midomo imefumba. Kisha ile sauti ikaanza, ndogo, ya maji maji, nyw, nyw, nyw, sauti ya mtoto anayenyonya kwa raha, ikatoka palepale kitandani, na mtoto wao midomo yake imefumba wanaiona kwa macho yao. Na harufu ya ngozi mbichi ikapanda polepole hadi ikawakaa kooni, na sauti ikakoma, na kule kwenye tangi danio wakaanza kusogea, si mbio, ila taratibu, wote kumi na wawili kama wamefungwa uzi mmoja, wakatoka kona ya mlango wakaja hadi katikati ya kioo, wakapita katikati, wakaendelea kuelekea dirishani, na Sia akaelewa kwamba kile walichokuwa wakikikimbia kimeinuka kitandani na sasa kinatembea chumbani kwenda mlangoni, na kwamba kati ya kitanda na mlango kuna viti viwili, na kwenye viti hivyo wamekaa wao. Hawakugeuka. Kitu kikapita nyuma ya migongo yao, baridi ikawagusa shingo. Pazia la mlango likainuka kidogo na kushuka.

"Kimetoka," Bibi Ng'washi alinong'ona. Alikuwa amejikojolea, na hakuona aibu kulisema.

Sia akamrukia mwanawe, akamkumbatia. "Kinamnyonyesha," alisema. "Bibi, kinamnyonyesha mwanangu!"

Laurean, ambaye mwanzoni alisema ni maji tu, aliporudi Ijumaa hakubisha sana. Alikaa mbele ya tangi saa nzima, akaona alichokiona. Kesho yake akaenda kwa Ustadhi Hemed, mtu wa Pangani anayefundisha madrasa pale mjini, anayesifika kwa kutoa mashetani.

"Wewe si Mkatoliki, baba Yusta?" Sia alimuuliza kabla hajaondoka.

"Mkatoliki wa Bukoba, na padri wangu ananijua. Lakini huyu mtoto akinifia mikononi nikiwa nachagua dini ya mtu wa kumponya, nitakaa na nani mimi?"

Ustadhi Hemed alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mpole, hana makuu wala vitisho. Alitazama samaki, akatikisa kichwa, akawataka Laurean na Bibi Ng'washi wakae sebuleni, akamkalisha Sia kitandani na mtoto mapajani.

"Sikia, mama mtoto," alisema. "Nikianza kusoma, hadi niseme tayari, mtoto asinyonye. Atalia. Utaona roho inataka kukutoka. Usimpe. Kitu hiki kimezoea ziwa na kinywa. Nikikitoa, kitatafuta njia, na sitaki kikute mlango uko wazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, ustadhi."

Naye alielewa, tusimsingizie. Hemed akasimama akaelekea dirishani, akampa mgongo kwa stara, akaanza kusoma. Kisomo kikapanda, harufu ikapanda nacho, vioo vya dirisha vikatetemeka, danio wakawa wanapiga kioo kwa vichwa vyao tik tik tik, na katikati ya hayo Yusta akalia. Haikuwa ile sauti chovu ya wiki tatu. Ilikuwa njaa, njaa safi ya mtoto mzima, analitafuta ziwa la mama kwa kinywa wazi, anapapasa kwa vidole, anasema "mma, mma," na maziwa ya Sia yakashuka yenyewe yakalowesha kanga, na kila tone lilimuuma, kwa sababu kwa siku kumi na tisa alikuwa amemwomba mtoto huyu anyonye, amemwomba kwa machozi, na sasa mtoto ndiye anayemwomba yeye. Akamtazama Hemed mgongoni. Akajisemea, kidogo tu, dakika moja. Akamfunika mtoto kwa kanga.

Yusta akanyonya. Sia akasikia baridi inaingia kwenye chuchu, inapanda hadi kwapani, inashuka moyoni, inakaa. Halafu joto zuri, kama uji.

"Tayari," Hemed alisema, jasho linamtiririka. "Alhamdulillahi. Kimemwachia mtoto."

Danio wakatawanyika. Wakajaa tangi zima, wanakimbizana, milia ya buluu inamemeta, na Laurean akaingia akawaona akaanguka magoti analia kwa kelele. Bibi Ng'washi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Tangu hapo Yusta akawa ananyonya asubuhi, mchana, usiku, na nyumba ikarudi kuwa nyumba.

Alhamisi Sia alimpeleka kliniki. Uzito ulikuwa umeshuka tena.

Aliporudi akamkuta Bibi Ng'washi uani, anajifunga kibwebwe aende Sapiwi kwenye msiba. Sia akamwomba amshike mtoto kidogo ndani. Kutoka sebuleni akachungulia kupitia upenyo wa pazia: bibi amembeba Yusta mbele ya tangi, mtoto anapigapiga kioo, na danio wamejazana penye mkono wake, wanashindana. Hawamkimbii mtoto. Hawamkimbii bibi. Sia akashusha pumzi, akaingia.

Samaki wote wakakimbilia kona ya mbali.

Akasogea kushoto, wakaenda kulia. Akasogea kulia, wakavuka. Bibi Ng'washi alikuwa amemgeukia mtoto, hakuona, akaaga na kwenda zake. Sia akabaki na mwanawe. Akakamua tone moja kwenye kiganja, akalinusa. Ngozi mbichi.

Alijua la kufanya. Hilo ndilo linalonichoma katika habari hii, kwamba alilijua. Amwite Laurean, amkabidhi mtoto, apewe maziwa ya kopo, akalelewe Bukoba kwa bibi yake, naye asimguse tena. Yusta angeishi. Lilikuwa jambo la simu moja tu. Akaishika simu. Kisha wazo likamjia, la upole mno, kwamba watamnyang'anya na hawatamrudisha, kwamba amelala ubavu miezi mitano kwa ajili ya huyu, kwamba hakuna atakayejua ila wale kumi na wawili. Alijiuliza wazo hilo ni la nani. Baada ya kitambo hakuuliza tena.

Akalibeba tangi hadi uani, akalimwaga juani. Danio waliruka juu ya mchanga wa moto, wadogo, wanang'aa, wanakwenda mbali naye hata pale, hadi wakatulia. Kuku wa Bibi Ng'washi wakaja mbio, wakasimama mbali, wakangoja aondoke.

Laurean alifika kesho yake magharibi, akaona meza tupu.

"Mama Yusta, samaki wako wapi?"

"Wamekufa. Maji ya bomba, dawa ilizidi."

"Wote? Masikini. Pole, mke wangu. Pole sana, najua ulivyowapenda." Alimkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine amembeba Yusta, ambaye siku hizo alikuwa mwepesi kama kifurushi cha pamba. "Nitakununulia wengine."

"Hapana," Sia alisema. "Nimeshachoka na samaki. Nipe mtoto, ni saa yake ya kunyonya."

Laurean akampa.