Waliokunywa Mwisho

Jumapili, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kijana Mbelu alikutwa amekufa kitandani, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi. Ilikuwa Oktoba 1974, joto la kukera. Jana yake tu alikuwa akicheza na kuhudumia wageni harusini kwa kaka yake. Vijana wenzake watano waliohudumia naye walikuwa hospitali, wakitapika na kuweweseka. Kufikia saa mbili, Mwanvua, mfanyabiashara aliyetengeneza pipa la kinywaji cha tangawizi cha harusi, alikuwa ameshafungiwa na askari wa jandarma. Nje watu walipiga kelele atolewe wamshughulikie wenyewe.

Ngalula, mwanamke fundi wa maabara ya mgodi, aliitwa kituoni kuangalia pipa. Hakuwa amekunywa hata chai, na zile kelele zilimchemsha. Akainama, akanusa mara moja tu.

"Benzene," alimwambia adjudant Kabeya, mkubwa wa jandarma pale. "Ile dawa ya kufuta grisi ku mashine."

"Basi Mwanvua njo alitia."

"Polepole, tata. Bazee balikunywa saa ngapi?"

Kabeya akafungua daftari. "Saa tisa, ba kwanza. Kisha bamama. Bijana benye kugawa bitu, ba mwisho, saa kumi na mbili."

"Na bazee beko namna gani?"

"Bazima! Mi mwenyewe nilikunywa bikombe bitatu."

Hapo ndipo watu walipopotea. Harusini wazee hutangulia, vijana wanaohudumia hunywa mwisho kabisa. Basi kila mtu akaamini Mwanvua ni mchawi aliyewalenga vijana. Upuuzi mtupu! Ngalula alitamani kupiga meza.

"Benzene inaelea juu ya maji, sawa mafuta. Kama bangeimwanga mu pipa, ba kwanza njo bangekufa. Weye na bikombe byako tungekuzika leo."

Kabeya akafunga daftari.

Ngalula akamgeukia mama wa Mbelu, aliyekuwa pale kituoni, macho yamemvimba kwa kulia. "Mama Adolphine, kuko mutu alitia kintu kingine nyuma ya bazee kunywa?"

"Hapana. Mi njo nilikuwa nagawa, sikutoka pale. Mulikuwa tangawizi na barafu moja nzima, ya kwa Kalenga."

Barafu! Maji yakiwa katika kopo la chuma la kugandishia huganda kuanzia pembeni. Yaliyo safi hushika kwanza, uchafu husukumwa katikati na kunaswa humo. Ndani ya pipa, barafu iliyeyuka kuanzia nje. Wazee walikunywa ganda, vijana wakafikiwa na moyo wake.

Saa nne yeye na Kabeya walikuwa kwa Kalenga, mkuu wa kiwanda cha barafu, kwenye njia ya kwenda Mutoshi. Ngalula hakuweza kutulia. Alikuwa na wazo, hakuwa na ushahidi, na kama angekosea, Mwanvua asingeiona jioni. Kalenga aliwapokea kwa kicheko na kuapa kwamba makopo yake ni safi.

Ngalula hakubishana. Akapasua barafu iliyokuwa mezani, akatia kipande cha pembeni katika kikombe cha maji, akampa Kalenga. Kalenga akanywa chote, akafuta midomo. Ngalula akajaza tena, safari hii akatia kipande cheupe cha katikati.

"Hapana, mama. Ya katikati hapana." Kalenga akakisukuma kikombe.

"Sababu ya nini? Nani alikuambia ubaya iko katikati?"

Kalenga akamtazama Kabeya, kisha mlango. Akaketi, akasema yote.

Makopo yake mawili ya kugandishia yalikuwa yametoboka. Badala yake alikata mapipa yaliyoishiwa benzene ya karakana, akayasuuza kwa maji matupu, akagandishia humo. Alhamisi alipasua barafu akasikia harufu ya benzene katikati. Tangu hapo, kwake nyumbani, moyo wa barafu ulitupwa, lakini watu aliendelea kuwauzia.

"Ningesema, bangefunga hapa," alilia. "Bangenifukuza mu nyumba ya kazi, na batoto munane."

"Na batoto ba benzako?"

"Nilizania ingepotea mu tangawizi."

Kabeya akamtia pingu, akaamuru barafu yote ivunjwe na iliyouzwa ifuatiliwe nyumba kwa nyumba. Ngalula alitoka nje kwa sababu alijua akibaki angempiga.

Saa sita Adolphine alirudi kwa jandarma, akaomba ufunguo, akafungua mwenyewe mlango wa chumba alimofungiwa Mwanvua.

"Mwanvua, nilikuita mulozi mbele ya batu."

"Nilisikia." Mwanvua akajifunga kitenge upya. "Nani eko naosha mwili ya mutoto?"

"Bado hakuna. Batu banaogopa bulozi, banakatala kumugusa."

"Twende," alisema Mwanvua. "Unionyeshe fasi maji iko."